Majina Saba kwenye Kalenda ya Chooni

Nyoka wa tatu alikuwa hai, lakini ilibidi Okke Terpstra amwekee kioo mbele ya pua ndipo Inspekta Hilje Boukema akaamini.

"Umeuona ukungu huo?" Okke aliuliza. "Basi anapumua. Kwa tabu, lakini anapumua. Hebu sogea umsikilize."

Hilje alikuwa na miaka kumi na sita kwenye polisi, tisa kati ya hiyo katika kikosi cha wanyama, na mpaka leo nyoka walimsisimua mwili. Akasogeza sikio hivyo hivyo. Kifuani mwa yule nyoka mlitoka sauti ya uji unaochemka polepole.

"Mapafu yamejaa," Okke alisema. "Tazama na macho. Huo weupe ni ngozi kuukuu, amevua mara tatu na haikutoka, yaani miezi mitatu ya baridi. Kipofu kabisa kwa sasa. Nitamlaza kwenye maji ya vuguvugu, nimfunge taulo bichi, nimpandishie joto kidogo kidogo wiki nzima kabla hajaonja hata panya mmoja. Ukimlisha leo unamuua."

Zizi lile liliwahi kuwa la ng'ombe sitini wa maziwa. Okke alipozeeka aliwauza, na badala yao wakaja boa waliotupwa na wenyewe, ndugu zake chatu kutoka Amerika ya Kusini. Watu huwanunua wangali na urefu wa rula, wakawachoka wakishampita mwenye nyumba kimo. Boa hana sumu, hana kelele, na hajui kulia. Ndiyo maana unaweza kumsahau mpaka jirani asikie harufu.

Na jirani ndiye aliyesikia. Jana, kwenye gereji za kukodi pembezoni mwa mji wa Winschoten, kaskazini mwa Uholanzi, Hilje alivunja kufuli akakuta makasha sita ya plastiki yamepangwa ukutani kwa unyoofu wa ajabu. Hita ipo, imechomolewa, waya wake umekunjwa vizuri na kufungwa kwa mpira. Wanne hai. Wawili wafu: mmoja mwenye mkia mfupi uliokatika zamani, mwingine mweusi karibu mwili mzima. Daktari wa mifugo aliandika kwamba hao wawili hawajamaliza wiki mbili tangu kufa. Na makasha yalikuwa na namba, moja mpaka saba. Namba tano haikuwepo.

"Kuna watu huniambia nyoka akipata baridi analala tu," Hilje alisema, kalamu mkononi. "Wakili atalisema hilo mahakamani, Okke. Nipe la kumjibu."

Mzee akageuka, uso umewiva. "Analala? Nani kasema? Huyu kwao hakuna barafu! Baridi haimlazi, inamfunga. Chakula kinamwozea tumboni, kamasi linamjaa kifuani, na hana hata kope za kufumba. Andika hivyo. Anaoza huku anaona. Miezi mitatu, Hilje! Mtu mzima na akili zake alichomoa waya, akaukunja, akaenda zake kunywa kahawa!"

Hilje akaandika neno kwa neno.

"Na huyo wa namba tano," Okke aliendelea, sauti imeshuka, "leo wametangaza baridi ya nyuzi hasi nane. Kama yuko gereji nyingine kama ile, kesho usinipigie."

Ndani ya gereji kitu kimoja tu ndicho kilichosalia cha kufuata. Aliyeyaweka makasha yale alibandua vibandiko vyote vya majina, lakini kimoja kilikuwa upande wa ndani wa kifuniko cha kasha namba mbili, naye hakukiona. Kimeandikwa kwa mwandiko wa mviringo, wa kike: *Truus, 14-8-2015*.

"Truus!" Okke alisema. "Jina la bibi yangu mzaa mama. Siku hizi hakuna mtoto anayeitwa hivyo. Sasa nisikilize. Mtu anayempa nyoka jina la bibi na kuandika siku aliyozaliwa hawezi kumtupa gereji."

"Lakini katupwa."

"Basi ni watu wawili. Mmoja aliwapenda, mwingine aliwachoka. Mtafute aliyechoka."

*

Gereji ilikuwa kwa jina la Ruurd Kamminga, fundi baiskeli, na Hilje alipolisoma jina hilo alidhani kazi imekwisha. Miaka miwili nyuma alimkuta Ruurd huyo huyo na mamba mchanga ndani ya beseni la kuogea. Shingoni Ruurd alikuwa na mchoro wa nyoka uliopanda mpaka nyuma ya sikio. Nani mwingine tena?

Alimkuta karakana, amepiga magoti mbele ya gurudumu.

"Inspekta! Leo umekuja kutafuta tembo?"

"Nimekuja kwa boa sita, Ruurd. Wawili wamekufa."

Aliposimuliwa, spana ilimtoka mkononi. Hakuiokota. Hilje alikuwa amewaona watu wengi wakijifanya kushtuka, na huyu hakuwa akijifanya.

"Mimi?" Ruurd alifoka. "Mimi ningewawekea hita kabla sijajiwekea mwenyewe! Mamba yule sikuwa na kibali, sawa, mlinitoza faini, nikaitoa. Lakini alikuwa amenona au hakunenepa? Sema kweli yako!"

"Alinenepa," Hilje alikiri.

"Haya. Gereji sijaigusa tangu Novemba. Nilimpa funguo bwana mmoja, Dekkinga, mchora ramani mstaafu, mtu wa suti. Tarehe kumi na mbili. Naikumbuka kwa sababu ni siku ya kuzaliwa mama yangu, nilikuwa na keki mkononi, na yeye hata hakunipa hongera, kama apewavyo kila mtu wa jamaa. Nikajua pale pale ana kasoro."

"Mliandikishana?"

"Tulipeana mkono." Ruurd akajifuta grisi kwenye suruali. "Naelewa. Neno langu na neno lake. Nani ataniamini mimi?"

*

Saa saba na nusu Hilje alikuwa sebuleni kwa Marnix Dekkinga, dirisha kubwa halina pazia, mtaa mzima unaona ndani. Mwenyeji alimmiminia kahawa, akafungua kopo la biskuti, akampa moja, akalifunga. Mezani penseli zilipangwa kwa urefu, pembeni yake rula ya chuma.

"Nyoka?" alisema, akatabasamu. "Mimi hata nyungunyungu wa bustanini ananikimbiza, mama."

"Ruurd Kamminga anasema alikupa funguo."

"Kamminga! Si ndiye yule wa mamba? Niliweka pale kabati kuukuu kwa wiki mbili, nikarudisha funguo. Alichoweka yeye baadaye sikijui."

Alijibu bila kigugumizi. Mke wake je? Roelie alipata kiharusi mwanzoni mwa Novemba, yuko Groningen kwenye kituo cha mazoezi ya viungo. Anaendelea polepole. Jumapili humwona kwa simu ya picha. Hilje alitazama nyumba ile safi, mzee yule mwenye tai, akamfikiria Ruurd na shingo yake. Lo, ni rahisi mno kumwamini mtu mwenye tai! Kidogo afunge daftari.

"Naomba kutumia choo," alisema.

Huku kalenda ya siku za kuzaliwa hutundikwa chooni, mbele ya macho ya anayekaa. Haina siku za wiki wala haibadilishwi mwaka ukiisha. Ina majina ya jamaa na marafiki na mwaka aliozaliwa kila mmoja, ili ujue anatimiza mingapi na usisahau kumpigia. Ukisahau, hutasamehewa upesi. Hilje alikuwa na yake nyumbani, mama yake alikuwa nayo, kila mtu anayo.

Ya akina Dekkinga ilikuwa wazi ukurasa wa Februari. Tarehe ishirini na nne, yaani leo: *Aaltje, 2013*. Mjukuu, Hilje alidhani. Kisha akasita. Aaltje? Nani mwaka 2013 alimpa mtoto wake jina la ajuza? Na mwandiko ulikuwa wa mviringo, wa kike, wenye herufi A iliyofungwa kwa kitanzi.

Akapindua kurasa mpaka Agosti. Tarehe kumi na nne: *Truus, 2015*.

Jina lilikatwa kwa mstari wa wino wa bluu, mnyoofu kabisa, wa rula. Pembeni msalaba mdogo na tarehe: 12-11.

Alijua maana yake. Juu kidogo Mjomba Harm wa mwaka 1938 alikuwa amekatwa vivyo hivyo, msalaba na mwaka 2019. Katika nyumba yenye mpangilio, aliyekufa hukatwa kwenye kalenda. Akaanza upya kutoka Januari, akipiga picha kila ukurasa. Sien, 2014, amekatwa, msalaba, 12-11. Griet, 12-11. Mien, 12-11. Trijntje. Koosje. Wote majina ya vikongwe, wote wamezaliwa juzi juzi, wote wamekufa siku moja, siku ile Ruurd alipotoa funguo akiwa na keki mkononi.

Hilje aliketi juu ya kifuniko cha choo. Wanne kati ya hao sita walikuwa dakika hii kwenye mabeseni ya Okke, wanapumua! Mtu huyu hakungoja wafe. Alirudi kutoka gerejini, akatundua kalenda, akakaa mezani na rula yake, akawafuta mmoja mmoja kwa sababu hakupenda kalenda iwe na makosa. Kisha akairudisha chooni, na miezi mitatu aliikodolea macho kila asubuhi wakati wao wanaoza macho wazi.

Mmoja tu ndiye ambaye kalamu haikumgusa. Aaltje.

*

"Truus ni nani, Bwana Dekkinga?"

Mzee alikuwa akisuuza vikombe. "Truus? Rafiki wa mke wangu. Bibi mmoja wa kwaya."

"Alizaliwa elfu mbili na kumi na tano."

Maji yaliendelea kumwagika.

"Bibi mdogo mno huyo," Hilje alisema. "Na amefariki tarehe kumi na mbili Novemba. Na Sien siku hiyo hiyo, na Koosje, na Griet, na Mien, na Trijntje. Maskini! Kwaya nzima kwa siku moja, na gazeti halikuandika?"

Dekkinga alifunga bomba. Akapangusa mikono, kidole kwa kidole, akakunja taulo mara mbili.

"Ni nyoka tu," alisema.

"Ndiyo. Nyoka tu."

"Miaka kumi na miwili, mama. Miaka kumi na miwili nyumba yangu ina joto la bafu, panya wamegandishwa kwenye friji yangu karibu na mbaazi. Sikusema neno. Mke wangu alipoanguka nikasema basi, sasa zamu yangu. Sikumpiga mnyama, sikumkata. Nilichomoa waya tu. Baridi inawalaza. Hawakuhisi kitu."

"Usinidanganye!" Hilje hakukusudia kupaza sauti, lakini kikombe kililia kwenye sahani yake. "Nimetoka kuwasikiliza vifua asubuhi hii. Wanne wako hai, Bwana Dekkinga. Unasikia? Uliwachorea msalaba na wako hai, mmoja kipofu, wote mbavu nje. Wawili wamekufa juzi tu. Miezi mitatu walihisi kila kitu! Wa namba tano yuko wapi?"

Kusikia kwamba wanne wanaishi kulimtikisa kuliko kelele zote. Alitazama mlango wa chooni, na Hilje angeapa kwamba alikuwa anafikiria namna ya kufuta wino.

"Una hati ya kupekua?"

Hakuwa nayo. Alitoka kibarazani akampigia mwendesha mashtaka, akatuma picha za kalenda, akajibiwa kwamba ushahidi ni mzuri na hati itakuwa tayari baada ya saa tatu. Saa tatu! Nyuma ya nyumba hii kulikuwa na mlango wa bustani, na nyuma ya bustani mfereji uliotanda barafu nyembamba. Ungemweka askari mlangoni, sawa, lakini askari wa karibu yuko nusu saa mbali. Na ndani mle ni mtu aliyekwisha kuchomoa waya wa hita ya nyoka sita, akaukunja vizuri. Alirudi ndani haraka, asimwache peke yake.

Saa nane kamili kishikwambi kilichosimama kati ya penseli na rula kikaanza kulia. Kwenye kioo jina: Roelie.

Dekkinga hakusogea. Kikalia tena.

"Si Jumapili leo," Hilje alisema.

"Ni siku ya..." alianza. Lakini mtu wa huku, simu ikilia siku ya kuzaliwa, haiachi ilie. Mkono wake ulikwenda wenyewe.

Kwenye kioo alitokea mama mwenye nywele fupi nyeupe, upande mmoja wa mdomo umelegea. Kichwani alikuwa amevaa kofia ya karatasi.

"Hongera, Marnix," alisema, kila neno akilitafuta kwanza. "Kwa Aaltje. Kumi na tatu." Kisha akamwona Hilje nyuma. "Na wewe. Hongera. Yeyote uliye."

"Asante, mama. Hongera na wewe," Hilje alisema, maana ndivyo isemwavyo. "Mimi ni Hilje Boukema. Natoka polisi, kikosi cha wanyama."

Kofia ya karatasi ilianza kuonekana si ya mahali pale.

"Roelie, pumzika," Dekkinga aliwahi. "Nitakupigia baadaye, mama huyu ana haraka..."

"Nyamaza." Neno hilo halikumpa tabu hata kidogo. "Mlete Aaltje."

"Itabidi mumeo aniruhusu kupekua," Hilje alisema, "kwa sababu sina hati."

"Nyumba. Ni yangu pia," Roelie alisema. "Panda, dada. Kabati la boila. Humtoa huko Jumapili. Nimwone. Nasikia mlango."

Kabati la boila, mtambo wa maji moto, lilikuwa juu, mwisho wa ukumbi. Kasha namba tano lilikuwa chini ya mabomba ya moto, na joto la mabomba, si huruma ya mtu, ndilo lililomwokoa aliye ndani. Chombo chake cha maji kilikuwa kikavu kabisa. Hilje alikumbuka alivyofundishwa na Okke: mkono mmoja theluthi ya kwanza, mwingine theluthi ya mwisho, usimbane, mwache akushike. Nywele zilimsimama. Boa akajizungusha kwenye mkono wake taratibu, mwepesi kuliko mnyama wa urefu ule anavyopaswa kuwa, ulimi ukimgusa kifundo.

Alimshusha, akasimama mbele ya kishikwambi. Dekkinga alikuwa ameketi, mikono juu ya meza, sambamba.

Mkono wa Roelie usiopooza ulinyooka ukagusa kioo upande wake.

"Uti wa mgongo wake," alisema. "Unaonekana. Jumapili ulimshika mbali, Marnix. Ulisema taa mbovu." Akapumua. "Wengine?"

"Wako kwa Okke Terpstra," Dekkinga alisema haraka. "Kule zizini, kama nilivyokuambia."

"Ni kweli wako kwa Okke," Hilje alisema. "Tangu jana. Kabla ya hapo walikuwa gerejini bila hita, tangu tarehe kumi na mbili Novemba. Nimewatoa mwenyewe. Pole, mama. Wamebaki wanne."

"Mwenye mkia mfupi?"

"Amekufa."

"Sien," Roelie alisema. "Mlango ulimbana. Kabla sijampata. Mweusi?"

"Amekufa pia."

"Koosje." Machozi yalishuka upande mmoja wa uso, upande uliokuwa ukihisi. "Mlafi yule. Haachi hata... hata kiatu. Truus?"

"Yuko hai. Kwa sasa haoni, lakini Okke anasema ngozi ikitoka ataona."

Roelie akaitikia kwa kichwa, mara nyingi. Akavua kofia ya karatasi. Kisha akauliza polisi walijuaje, nani aliwaambia majina. Hilje akamweleza habari ya kalenda, mistari ya rula, misalaba sita yenye tarehe moja. Hakupunguza kitu.

"Aliwakata," Roelie alisema, "wakiwa hai."

"Ndiyo."

Kule Groningen muuguzi aliita jina lake. Hakugeuka. Alikuwa akilitafuta neno lake lijalo kwa bidii, naye Hilje alingoja, boa mkononi, bila kumsaidia.

"Dada. Nenda chooni. Tarehe tatu Oktoba."

Hilje hakuhitaji kwenda. Alikuwa ameipiga picha. *Marnix, 1951*, kwa mwandiko wa mviringo, na kando yake moyo mdogo.

"Umkate na yeye," Roelie alisema. "Mstari mnyoofu."

"Siruhusiwi, mama. Kalenda sasa ni kielelezo. Inaondoka nami leo mpaka mahakamani."

"Itarudi?"

"Kesi ikiisha, itarudi kwako."

Roelie alimtazama mumewe kwa mara ya mwisho, kisha akatazama meza mbele yake, penseli zile zilizopangwa kwa urefu.

"Basi," alisema, "niwekee rula."